Somo: Kuisoma slipu ya mshahara wa jeshi la Marekani na kuzijua posho zako

Ndugu zangu mlioapa juzi, na ninyi wake na waume mnaoendesha nyumba kwa hela hiyo, somo hili ni lenu. Wengi wetu tulifika Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi, tukaingia jeshini bila kuelezwa vizuri tutalipwaje. Mwezi huu hela inaingia nyingi, mwezi ujao pungufu, na nyumbani maswali hayaishi. Shikeni hili kwanza: mshahara hufuata cheo, posho hufuata hali yako. Unalala wapi, unakula wapi, umeoa au hujaoa, umetumwa wapi. Hali ikigeuka, posho nayo inageuka.

Hatua ya 1: Fungua slipu. Ingia myPay, tovuti ya malipo ya jeshi, tafuta LES ya mwezi, yaani hiyo slipu yenyewe. Tunalipwa mara mbili, tarehe 1 na 15, kwa hiyo usihukumu kwa hela ya katikati ya mwezi peke yake. Utaona safu tatu: unachostahili kulipwa, makato, na fedha ulizoagiza zipelekwe kwingine moja kwa moja. Posho ziko safu ya kwanza.

Hatua ya 2: Tenga mshahara wa msingi. Unapangwa kwa cheo na miaka ya utumishi. Uwe Alaska au Georgia, ni uleule, na unakatwa kodi.

Hatua ya 3: Tafuta BAH, posho ya nyumba. Hapa ndipo penye hela na ndipo penye makosa, kwa hiyo twende taratibu. Kiwango chake kinatokana na mambo matatu: cheo, msimbo wa posta wa kituo chako cha kazi, na kama una wategemezi au huna. Ni kituo cha kazi, si mtaa unaoishi. Ukipanga mbali kwa bei nafuu, kinachobaki ni chako. Ukipanga jumba la kifahari, pengo unaliziba mwenyewe. Idadi ya watoto haiongezi kitu: mwenye mke tu na mwenye mke na watoto watano, cheo kimoja, kituo kimoja, wanapata sawa. Mseja wa cheo cha chini anayelala bweni la kambini kwa kawaida haipati, kwa sababu chumba amekwisha kupewa.

Viwango hupangwa upya kila Januari. Vikishuka eneo lenu nawe bado uko palepale, hujashushwa cheo wala hali yako ya wategemezi haijabadilika, cha kwako hakishuki. Vikipanda, unapanda navyo. Ila tangu 2019 posho hii imepangwa kufikia kama asilimia 95 ya gharama ya kawaida ya nyumba, kwa hiyo weka akiba ya hiyo tano.

Mimi nilifunga ndoa Tanga nikiwa likizo, cheti nikakiweka begini. Miezi minne nililipwa kama mseja huku mke wangu akihesabu shilingi. Hakuna aliyenidhulumu, sikupeleka cheti. Nilipokipeleka, nililipwa kuanzia tarehe ya ndoa, lakini ile miezi minne tuliishi kwa kukopa. Ukioa, ukizaa au ukiachana, peleka karatasi wiki hiyohiyo: kwanza uandikishaji wa DEERS, daftari la jeshi la askari na familia zao, kisha ofisi ya malipo.

Hatua ya 4: Tafuta BAS, posho ya chakula. Mwaka 2025 ilikuwa dola 465.77 kwa mwezi kwa askari wa kawaida, na 320.78 kwa maofisa. Ni ya tumbo lako wewe, si la familia. Ukiwa unaishi bwenini na unakula bwaloni, utaiona safu ya kwanza halafu utaona makato ya chakula safu ya pili. Hujaibiwa, umelipia sahani yako.

BAH na BAS hazikatwi kodi ya mapato. Ndiyo maana kulinganisha mshahara wako na wa shemeji anayefanya kazi ghalani kunahitaji uangalifu.

Hatua ya 5: Zinazokuja na kuondoka. Posho ya kutenganishwa na familia huanza kazi ikikutoa nyumbani zaidi ya siku 30. Posho ya eneo la hatari ni dola 7.50 kwa siku, isiyozidi 225 kwa mwezi. Ukirudi, zinakoma. Msizikopee gari.

Hatua ya 6: Soma maelezo ya chini ya slipu. Mabadiliko ya mwezi huandikwa hapo. Linganisha na slipu iliyopita, mstari kwa mstari.

Maswali

*Kaka, mke wangu bado yuko Arusha, visa haijatoka. Anahesabika?*

Anahesabika, mdogo wangu. Ndoa halali ni ndoa halali. Mwandikishe DEERS, na kama cheti hakiko kwa Kiingereza, peleka na tafsiri iliyothibitishwa. Kiwango kitafuata kituo chako.

*Namtumia mama yangu Mombasa hela kila mwezi. Naweza kumwandika?*

Inawezekana, lakini lazima uthibitishe kwamba zaidi ya nusu ya matumizi yake inatoka kwako. Dola mia za sikukuu hazitoshi. Tunza risiti zote za kutuma, na kumbukumbu za kodi ya nyumba yake, chakula na dawa.

*Mimi na mume wangu sote ni askari, hatuna mtoto. Tutapata mbili?*

Ndiyo dada, kila mmoja anapata ya wasio na wategemezi, mradi hamuishi nyumba ya serikali. Mkijaliwa mtoto, mmoja wenu anapanda kiwango cha wenye wategemezi, mwingine anabaki.

*Tuliachana mwaka jana na hatuna mtoto. Sijasema, na posho ya nyumba ya wenye wategemezi bado inaingia.*

Ndugu yangu, nenda kesho asubuhi. Hela uliyozidishiwa ni deni tayari, na DFAS, ofisi inayotulipa mishahara, watalikata kwenye mshahara wako. Ukienda mwenyewe unaweza kuomba likatwe kidogokidogo. Wakikugundua wao, inaweza kuwa kesi ya kijeshi. Mpaka hapo, usiiguse ziada itakayoingia tarehe 15.