Somo: Haja kubwa mwambani, na jinsi ya kuondoka bila kuiacha nyuma

Wapandaji wenzangu, habari za wikendi. Wengi mmeomba tuzungumze waziwazi kuhusu haja kubwa tunapokwenda kupanda. Nitaongea hasa juu ya Lukenya, Hell's Gate na Mlima Kenya, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakofungia kamba.

Msimamo wangu ni mmoja: pasipo na choo, mzigo wako unarudi nao. Kufukia ni njia ya pili, na si kila mahali inafaa. Mwamba mzuri huvuta watu palepale, wiki baada ya wiki, na pale penye faragha nyuma ya jabali huwa ni mahali pamoja tu, kila mtu anapaona. Pazungukie mwisho wa kiangazi utakuta karatasi nyeupe zimenasa kwenye miiba, udongo umechimbuliwa na wanyama, na nzi wanaotoka hapo kwenda moja kwa moja kwenye chapati zenu. Udongo wenyewe ni mchache, umekauka, na vijidudu vya kuozesha ni haba. Hata aliyefukia vizuri, anayemfuata anafukua.

Hatua ya 1: Choo kwanza

Kunywa chai mapema, ujipe muda, uende chooni kabla ya kuondoka. Hell's Gate, pita chooni langoni kabla ya kuelekea mwamba wa Fischer's Tower. Mlima Kenya, kambi za Shipton na Mackinder zina vyoo. Hata kikiwa kinanuka, kitumie.

Hatua ya 2: Andaa kopo lako nyumbani

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu maelekezo ya wapandaji wa nje huanza na mifuko maalumu ya plastiki. Kwetu Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi. Nafurahi kwamba ni hivyo, maana vifaa vyetu ni rahisi zaidi na vinadumu miaka:

- Kopo gumu la lita mbili hadi nne, lenye mfuniko wa kusokota na mpira ndani yake. Ndoo ndogo ya rangi pia inafaa, ila mfuniko wake wa kubana huachia mkoba ukikandamizwa. Uzungushie mpira wa blada, kama anavyofunga mzigo mtu wa bodaboda.
- Majivu ya jikoni yaliyopoa kabisa, au vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Majivu hunyonya unyevu na hupunguza harufu sana.
- Magazeti ya zamani na mifuko michache ya karatasi ya kaki.
- Karatasi za chooni, kipande cha sabuni na chupa ndogo ya maji ya kunawa tu.

Mwaga majivu kiasi cha vidole viwili chini ya kopo. Liandike kwa kalamu ya wino usiofutika, lisije likachanganywa na la chakula.

Hatua ya 3: Wakati wenyewe

Kojoa kwanza, pembeni. Mkojo ukiingia kwenye kopo ndio unaoleta harufu na kuvuja. Usikojoe chini ya njia ya kupandia wala juu ya mimea. Kojoa kwenye mwamba mtupu au changarawe, kwa sababu wanyama hufuata ile chumvi na kuharibu mimea.

Tandika kurasa mbili tatu za gazeti, weka mawe kwenye pembe, chuchumaa. Ukimaliza, nyunyiza majivu mpaka pasionekane unyevu, weka na karatasi uliyojipangusia, kunja gazeti kutoka pembeni kwenda katikati, tia kwenye mfuko wa kaki, kisha ndani ya kopo. Dakika mbili, umemaliza. Kopo likae kivulini: jua likilipiga, hewa hujaa ndani, na siku ya kulifungua utajuta. Lifungue polepole, tena nje.

Kama uko juu ya ukuta wa mwamba, usivue mshipi wa kiuno na usijifungue kamba. Mishipi mingi ina mikanda ya mpira nyuma inayoshikilia vitanzi vya mapaja; fungua hiyo tu, teremsha suruali, kiuno kibaki kimefungwa. Jizoeze nyumbani mpaka mikono izoee.

Hatua ya 4: Mikono

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kitakasa mikono hakiui mayai ya minyoo. Na hebu fikiria tunachofanya mwambani: anayeongoza anavuta kamba ili aipitishe kwenye kabina (pete ya chuma ya kunasia kamba), mkono mmoja umeshika mwamba, basi kamba anaibana kwa meno. Kamba hiyohiyo umeishika wewe kwa nusu saa ukimlinda. Usiponawa, yeye ndiye anayekula.

Hatua ya 5: Kumwaga

Kopo linamwagwa kwenye choo cha shimo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Gazeti, kaki, majivu na karatasi za chooni vyote vinaingia shimoni bila taabu. Visiingie pedi, tishu zenye unyevu wala plastiki yoyote, maana shimo likijaa takataka halinyonyeki. Kama choo ni cha kuvuta maji, mwaga kinyesi peke yake, gazeti litaziba bomba. Suuza kopo kwa maji ya sabuni, maji hayo nayo yaende shimoni, kisha lianike juani.

Hatua ya 6: Ukilazimika kufukia

Iwe ni penye udongo mzito wenye majani yaliyooza, kama msituni Mlima Kenya chini ya ukanda wa mianzi. Mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi. Shimo la sentimita 15 hadi 20, ukifukia urudishe udongo wote. Karatasi unarudi nayo, wala usiichome: vichaka vya leleshwa na nyasi kavu zikishika moto hutazima wewe.

Korongo lililokauka si choo. Mafuriko ya ghafla yaliyoua wageni kwenye korongo la Hell's Gate Septemba 2019 yalitokea pahali watu walipokuwa wakitembea kwa miguu. Maji yale hubeba kila kitu.

Na juu ya mita 4,000 sahau kufukia. Baridi inazuia kuoza. Wanaolala kwenye kile kibanda cha Howell kwenye Nelion, kimoja cha vilele vya Mlima Kenya, mita 5,188, wajue wazi kwamba wanabeba kopo kupanda na kulishusha. Mto Naro Moru unaanzia kwenye bonde la Teleki, chini ya vilele hivyo, na watu wanaunywa. Hata Everest, upande wa Nepal, tangu 2024 serikali ya mtaa inawataka wapandaji warudi na kinyesi chao hadi kambi ya chini. Kama wao wanaweza kule, sisi Nelion tunaweza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ng'ombe, nyani na pimbi wanajisaidia kila mahali Lukenya. Changu mimi kina shida gani?*

Swali zuri, ndugu yangu, na nalisikia mara nyingi. Mavi ya ng'ombe ni nyasi za palepale zinazorudi ardhini. Kinyesi chako kinabeba magonjwa ya binadamu: taifodi, kipindupindu, amiba, na mayai ya minyoo yanayoweza kuishi udongoni kwa miaka. Kisha kuna tegu. Mtu mwenye tegu akijisaidia malishoni, ng'ombe hula mayai pamoja na nyasi, na vijifuko vya tegu hukaa kwenye nyama yake. Siku ya kuchinja mkaguzi akiviona, nyama hugandishwa au hukataliwa kabisa. Hasara inamwangukia mfugaji, ambaye hajawahi kushika kamba maishani, naye ndiye jirani anayetuvumilia tukiegesha magari karibu na boma lake. Nisingeweza kumtazama usoni.

*Sina gari, narudi Nairobi kwa matatu. Nitabebaje kopo la mavi katikati ya abiria?*

Dada, tumia kopo dogo la lita moja la kusokota, majivu mengi, kisha ulitie ndani ya kopo la pili. Likifungwa hivyo halinuki. Lisiwekwe kwenye keria na vyakula vya watu. Bora zaidi, omba kumwaga kwenye choo cha shimo kabla ya kupanda gari, uende mjini na kopo tupu.

*Na nikiwa kwenye hedhi?*

Kopo la pili, dogo, lenye majivu au majani ya chai makavu ndani, kwa ajili ya pedi tu. Hizi hazifukiwi wala haziingii shimoni. Zinarudi nyumbani kwenye taka zako. Wanaotumia kikombe cha hedhi wamwage kwenye kopo la haja, na wanawe mikono kabla na baada. Viongozi wa safari, semeni jambo hili kwa sauti mnapotoa maelekezo ya asubuhi, ili dada asilazimike kuuliza pembeni.

*Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nafanya kazi mlimani Kilimanjaro. Kampuni yetu inabeba choo cha kukunja kwa ajili ya wageni. Inatosha?*

Marahaba mdogo wangu. Kinasaidia sana, mradi kinamwagwa kwenye vyoo vya kambi na si nyuma ya miamba usiku. Angalieni mambo mawili. Je, wapagazi nao wanaruhusiwa kukitumia, au wao wanaambiwa wajitafutie vichakani? Wapagazi ni wengi kuliko wageni, kwa hiyo choo cha wageni pekee hakisafishi mlima. La pili, anayekibeba na kukisafisha apewe glovu, barakoa, sabuni na malipo ya ziada. Mkiulizwa na wageni jinsi ya kutoa bakshishi, mtajeni yeye kwa jina.

*Nikishikwa na tumbo la kuhara katikati ya njia?*

Shuka. Mwambie mwenzako, teremkeni kwa kamba, mpumzike. Kuhara kunakausha maji mwilini, na aliyekaukiwa hufanya makosa kwenye mafundo. Tia majivu mara mbili ya kawaida, kunywa maji yenye chumvi na sukari, na usishike chakula cha kikundi siku hiyo hata ukinawa.

*Tunaleta wanafunzi thelathini Lukenya mwezi ujao. Kila mmoja na kopo lake?*

Hapana, kaka. Kundi kubwa hivyo liende panapo choo, au mkodi choo cha kuhamishika kiletwe na lori. Makopo mawili matatu yakae kwa walimu kwa dharura. Pigeni simu kwa wenye eneo mapema, muwaambie idadi kamili, waseme kama choo chao kinaweza kuwabeba.