Kinoo Usichokijua: Kitambue na Ukisawazishe Kabla ya Kubebesha Miche

Mche wa mwembe ukibebeshwa ukakauka, lawama ya kwanza huangukia kikonyo, yaani kile kijiti kinachounganishwa kwenye shina la mche, ya pili jua. Ni wachache wanaokigeuza kinoo na kukitazama tumbo. Kinoo kilichobonyea katikati hukipa kisu makali yaliyopinda. Kisu hicho hukata kikonyo kwa mawimbi, na ule utando laini wa kijani chini ya gamba haugusani na wa shina. Penye mwanya hapaungi.

Kwa panga na jembe usijisumbue, tupa inatosha. Ninayoyasema hapa ni ya kisu cha kubebeshea.

Kama kinoo ni cha kurithi au cha mnadani, kisugue kwanza kwa brashi, maji ya moto na sabuni. Wapo wanaokitia motoni ili mafuta yaungue, hupasuka. Kikikauka, kidondoshee tone la maji. Likinywewa upesi, hicho ni cha maji: kiloweke hadi mapovu yaishe. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgimbi, basi ama punje zake zimebanana sana, ama kimeshiba mafuta ya miaka. Kilichoshiba mafuta kiendelee na mafuta mepesi ya mashine. Ya kupikia hapana, yakikauka hunata na kuziba jiwe.

Kisha pitisha ukucha pande zote mbili. Vinoo vingi vya dukani vina upande unaokwaruza ukucha kama msasa na upande mlaini. Wa kwanza hurudisha makali yaliyopotea, wa pili humalizia. Rangi isikudanganye, hudokeza tu.

Sasa weka rula kwa ubavu juu ya jiwe na utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga chini ya rula, pamebonyea. Chora mistari ya penseli ikikatana uso mzima. Bandika msasa wa maji namba 80 au 120 juu ya kipande cha kioo kinene au kigae kilichonyooka, mwagia maji, kisha sugua kinoo kwa mizunguko, ukikigeuza kichwa kwa mkia kila baada ya muda, maana mkono huelemea upande mmoja bila mwenyewe kujua. Penseli ikibaki katikati tu, bado. Ikifutika yote, chora tena uhakikishe. Usisugue kikavu, vumbi lake si la kuvuta.

Huna msasa? Sakafu ya saruji iliyonyooka, maji na mchanga uliochekechwa vitafanya kazi, japo kwa upande mkwaruzo tu. Upande mlaini utake msasa laini zaidi, na usuuze vizuri: punje moja ya mchanga ikibaki humo itatia pengo kwenye makali uliyohangaikia asubuhi nzima.

Ukinoa, upande bapa wa kisu ulale wote juu ya jiwe, usiunyanyue hata kidogo. Jaribu kwenye kijiti cha mwembe kisicho na kazi: mkato mmoja wa kuvuta, uso ung'ae. Ukiona michirizi, rudi kwenye jiwe. Mwisho futa kisu kwa spiriti, ndipo uguse kikonyo.