Linux imeng'ang'ania 1024x768? Anza na waya

Wenye steshenari Arusha na Moshi mnaotumia monita za mtumba: picha ikikwama kwenye ukubwa wa nukta 1024x768, msikimbilie kupiga Linux upya. Chomoa waya wa VGA utazame pini. Ya 12 na ya 15 hubeba taarifa za monita. Moja ikipinda, kompyuta inabaki kubahatisha. Inyooshe taratibu kwa kibano. (Ya 9 kukosekana ni kawaida.)

Bado? Kwenye skrini ya kuingia chagua Xorg badala ya Wayland (ni mifumo miwili ya Linux ya kuonyesha picha), kwani kwenye Wayland amri zifuatazo hazibadilishi kitu. Fungua terminal (dirisha la amri), andika xrandr uone jina la tundu, mfano VGA-1, kisha cvt 1600 900 (kwa monita ya 1600x900). Nakili yote yaliyofuata neno Modeline, uyatangulizie xrandr --newmode. Halafu:

xrandr --addmode VGA-1 1600x900_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1600x900_60.00

Amri zote tatu za xrandr, kuanzia ile ya --newmode, zihifadhi kwenye faili la ~/.xprofile (lililo kwenye folda yako ya nyumbani), la sivyo umeme ukikatika unaanza upya.