Somo: Namna ya kufunga kihisi cha mtetemo

Niliwahi kupima pampu ya maji kwa kukibana kihisi kwa mkono, nikaandika "beringi nzima". Baada ya wiki mbili beringi ikakwama. Kihisi hakikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa mkono wangu.

Kwanza jiulize unatafuta nini. Mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika huzunguka karibu mara 25 kwa sekunde. Rota (sehemu inayozunguka) isiyo na mizani utaiona kwenye 25 Hz, yaani mitetemo 25 kwa sekunde, hata kihisi kikishikwa kwa sumaku tu. Beringi inayoanza kuchubuka hulia juu kabisa, kwenye maelfu ya Hz, na sauti hiyo hupotea njiani kihisi kikilegea.

Hatua ya 1. Chagua chuma kizito cha hausingi ya beringi, yaani ganda linaloishika. Kifuniko cha feni kiache, bati lile hutetemeka kivyake.

Hatua ya 2. Kwangua rangi, piga msasa, kisha pitisha kidole. Chembe moja ya kutu inatosha kukiinua kihisi upande. Paka grisi ya silikoni, utando mwembamba tu, ijaze mikwaruzo.

Hatua ya 3. Funga. Skrubu ndiyo bora: toboa, kata nyuzi, kaza kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji. Vihisi vingi vya viwandani hufika 10 kHz (Hz 10,000) kwa njia hii. Gundi ngumu ya epoksi inaikaribia. Sumaku bapa kwenye uso safi iamini hadi 2 kHz hivi. Njia ya kukibana kwa mkono, ukivuka 500 Hz usiitegemee.

Hatua ya 4. Bana waya karibu na kihisi. Waya ukichezacheza, unazalisha kelele zake.

Maswali

*Fundi, mota yangu ni ya mviringo. Sumaku ya miguu miwili inafaa?*
Inashika, ila inagusa kwenye mistari miwili tu, kwa hiyo mitetemo ya Hz nyingi inapungua. Gundisha kipande cha chuma bapa mara moja, sumaku bapa ikae hapo siku zote.

*Sumaku ikijipiga yenyewe kwenye chuma, kuna madhara?*
Yapo, kishindo kile kinaweza kuharibu kihisi. Gusisha ukingo kwanza, kisha ilaze taratibu.

*Mbona mwezi huu namba zimepanda na mashine inasikika vilevile?*
Nani alipima, na wapi? Sogeza kihisi sentimita chache tu, namba hubadilika. Piga alama ya rangi pale pale, na kila anayepima atumie alama hiyo na sumaku ile ile.