Kumrejeshea njiwa nguvu baada ya mbio: somo kwa wafugaji wa Lubumbashi

Somo hili linahusu saa na siku zinazofuata baada ya njiwa kutua bandani. Wafugaji wengi hapa mjini humwandaa ndege kwa uangalifu mkubwa kabla ya mbio, lakini akisharudi humwagiwa mahindi na kuachwa, na madhara ya jioni hiyo moja huonekana katika mbio zinazofuata.

Njiwa wa mbio aliyeachiliwa Kolwezi ili arudi bandani kwake hapa Lubumbashi husafiri takriban kilomita 240 kwa mstari ulionyooka, na wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, huja akikabiliana na upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki, hivyo safari ambayo katika hewa tulivu ingemchukua saa tatu au nne hurefuka. Njiani huchoma zaidi mafuta ya mwili. Mafuta yakipungua sana, mwili huanza kula nyama yake wenyewe. Maji nayo hupotea kwa wingi kupitia pumzi, kwa kuwa ndege hana jasho. Kwa hiyo tunamrudishia maji kwanza, kisha tunamjenga misuli, na mafuta tunayaacha mwisho.

Hatua ya kwanza: maji. Maji yawe tayari bandani kabla hajafika, na yasiwe ya baridi kali. Kwa saa chache za mwanzo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Ni kipimo kile kile anachopewa mtoto anayeharisha. Usizidishe chumvi kwa kudhani utaharakisha mambo, kwa sababu chumvi nyingi humuua ndege. Jioni mwondolee maji hayo, umwekee maji safi matupu. Usimmiminie maji kooni kwa bomba la sindano: njiwa hunywa kwa kufyonza, na maji ya kulazimishwa huweza kuingia kwenye mapafu. Aliye dhaifu mno mchovye ncha ya mdomo tu, bila kuzamisha pua, naye atafyonza mwenyewe.

Hatua ya pili: ukaguzi wa mikono. Akisha kunywa, mshike kwa upole. Fungua mdomo uangalie koo, nyoosha kila bawa, kisha peleka kidole kwenye mfupa wa kidari. Nyama ya kidari yenye afya ni laini na rangi yake ni ya waridi. Ikiwa ngumu na ya kibuluu, misuli imechoka sana. Jeraha la kucha za mwewe lisidharauliwe hata likiwa dogo kama tundu la sindano, maana hufunga juu huku ndani likioza. Lisafishe, kisha umpeleke ndege kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya tatu: chakula, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mpe nafasi ya kunywa na kutulia kwanza, kisha mpe kijiko kimoja cha chakula cha nafaka nyepesi kama mtama, uwele au mpunga, na baada ya saa mbili umwongezee kidogo. Mahindi mengi na karanga katika jioni hiyo hulala ndani ya gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, bila kusagwa, kwa kuwa tumbo nalo limechoka. Siku ya pili anza kuchanganya mbaazi au njegere kavu, kwa sababu misuli iliyochanika hujengwa kwa protini. Wengi hukosa njegere sokoni wakaweka maharage makavu mahali pake. Msifanye hivyo, ndugu zangu: maharage yasiyopikwa yana sumu inayoshambulia utumbo, na soya mbichi nayo huzuia protini isimeng'enywe. Mahindi na karanga vina siku yake, nayo ni zile siku mbili au tatu kabla ya mbio zinazofuata, mafuta yanapohitajika. Ila vinuseni kwanza. Karanga yenye harufu ya uvundo ina ukungu, na ukungu huharibu ini. Mimi huitupa hata nikiwa sina nyingine.

Hatua ya nne: mapumziko. Asirushwe kesho yake. Mchana, jua likiwa limepanda, mwekee beseni la maji ya uvuguvugu aoge. Usiku wa Juni na Julai ziba upepo unaopenya bandani, lakini usiingize mbabula, yaani jiko la makaa, ili kulipasha joto, kwa sababu mapafu ya ndege hayastahimili moshi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Katuba: «Papa, njiwa wangu amerudi siku ya pili, kidari kimekuwa chembamba kama kisu. Nimshibishe haraka?»

Hapana, ndugu yangu. Mtenge peke yake kwenye sanduku lenye nyasi kavu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kando yake. Mpe maji ya sukari na chumvi, kisha nafaka ndogo kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Kila asubuhi papasa gole: likiwa bado limejaa, usiongeze nafaka, mwite daktari. Huyo msimu wake umekwisha, usimpeleke tena mwaka huu.

Mwanachama wa Ruashi: «Je, niwape antibiotiki wote baada ya kila mbio ili kuwakinga?»

Usiwape bila kujua unatibu nini. Hatari kubwa ya kwenye tenga la safari ni kunywa chombo kimoja, na ugonjwa unaosambaa kwa njia hiyo mara nyingi ni trikomonasi, ugonjwa wa vimelea wenye utando wa manjano kooni. Antibiotiki za kawaida za kuku haziuui, na zinaharibu bakteria wema wa utumbo. Mwenye utando huo apelekwe kwa daktari. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, tuwatumie wataalamu wake.

Mama mmoja wa Kampemba: «Dume langu lina makinda ya siku tano. Limerudi limechoka, liendelee kulisha?»

Mama, makinda ya umri huo bado yanategemea maziwa ya gole, ambayo baba na mama wote wawili huyatoa, na kuyatoa kunamla mzazi. Ukiwa na jozi nyingine yenye makinda ya umri huo huo, wahamishie makinda yako. Ukiwa huna, mwache jike alishe, na dume lirudi kiotani baada ya kulala usiku mmoja na kula vizuri.

Mwanachama wa komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi: «Arudi mashindanoni baada ya muda gani?»

Kwa Likasi, ambako ni kama kilomita 110, juma moja hutosha. Kwa Kolwezi mimi humpa majuma mawili, na zaidi kama upepo ulikuwa mkali. Hata hivyo, kinyesi kiwe kimekauka na kushikana tena, chenye kofia nyeupe, na kidari kiwe kimejaa mkononi. Kimoja kikikosekana, abaki bandani.