Kuishusha Droni Iliyonasa Mtini Bila Mtu Kupanda

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti nilimsaidia kijana anayepiga picha za harusi kuishusha droni yake kutoka kwenye mkaratusi ulio uani mwa shule moja karibu na Kiboswa, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Droni ilikuwa imepangwa kurudi kwa mwenyewe kwa kimo cha mita 20, nayo mikaratusi ya pale inakipita kimo hicho kwa mbali, kwa hiyo ikajipachika kwenye panda ya matawi na kutulia humo. Tulianza saa tano asubuhi na kumaliza saa kumi jioni, na karibu muda huo wote uliliwa na hatua moja, ambayo nitaieleza kwa kirefu.

Hatua ya kwanza ni kuzima mota huku droni yenyewe ikibaki imewaka. Katika droni nyingi za kampuni ya DJI, vijiti vyote viwili vya rimoti vikivutwa chini na kuelekezwa ndani kwa pamoja, mota huzimika. Usijaribu kuichomoa kwa nguvu zake yenyewe, kwa maana propela iliyobanwa na tawi huunguza mota kwa muda mfupi sana. Maadamu betri bado ina chaji, piga picha ya skrini inayoonyesha mahali ilipo, ifanye ilie na kumweka taa ikiwa programu yake inaruhusu, kisha weka jiwe chini mahali unapoiona vizuri zaidi. Taa zikishazimika, droni ya kijivu hupotea kabisa machoni katikati ya majani.

Hatua ya pili ni kuomba ruhusa ya mwenye mti na kuukagua mti wenyewe. Ikiwa waya wa umeme unapita karibu na tawi hilo, kazi yako imeishia hapo na inayofuata ni ya watu wa umeme. Tafuta pia nyuki, kwa sababu tawi litatikiswa. Kama umo ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ambako droni hairushwi bila kibali, nenda kwa askari wa wanyamapori kabla ya kugusa chochote.

Kijana mmoja alijitolea kupanda nikamkatalia, na ningemkatalia tena. Shina la mkaratusi ni laini na halina pa kushika, na matawi yake hukatika ghafla bila kutoa mlio wa kuonya. Migunga ya manjano ya kule Nakuru nayo ina miiba mirefu inayopenya soli. Wapo pia wanaopendekeza kurusha droni ya pili yenye ndoano, na hilo ninalipinga kabisa, kwa kuwa upepo wa propela huyumbisha kamba, kamba huingia kwenye propela, na unabaki na droni mbili mtini.

Hatua ya tatu ni kupima kimo. Shika kijiti chenye urefu sawa na mkono wako, kisimamishe wima mbele ya jicho mkono ukiwa umenyooka, kisha rudi nyuma hadi kijiti kifunike mti kuanzia chini hadi penye droni. Umbali kutoka ulipo hadi shinani ndio kimo chake kwa kukadiria.

Hatua ya nne ni vifaa: uzi wa nailoni uliosokotwa, wa milimita 2, urefu wake mara mbili na nusu ya kimo hicho, chubwi (kizito cha wavuvi cha madini ya risasi) la gramu 200 hadi 300, kamba ya milimita 8 yenye urefu kama wa uzi, ndoo, glavu, darubini, tepu ya mafundi umeme, blanketi zito na helmeti za bodaboda. Kisumu uzi na chubwi hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya uvuvi. Usikubali kuuziwa mshipi mwembamba unaong'aa, kwa sababu hunyumbuka, hukata vidole na hauonekani juu ya mti. Chagua uzi wa rangi kali.

Hatua ya tano ni kupitisha uzi juu ya tawi, na hapa ndipo tulipopoteza siku. Umwage uzi ndani ya ndoo kidogo kidogo, bila kuuviringisha, ili utoke bila kufungana. Kwa mkono, wengi wetu hatuvuki mita 12 au 15; zaidi ya hapo tumia manati kubwa, yaani mti wenye panda wenye urefu wa mita 2 uliofungwa raba za tyubu ya baiskeli, mmoja akiushikilia na mwingine akivuta. Lenga tawi lile lile lililobeba droni, kiasi cha mita moja kutoka kwenye droni kuelekea ncha ya tawi. Uzi ukipita juu ya droni yenyewe, utaikaza zaidi.

Mara ya tatu tulipita juu ya tawi, ila si lile tulilolitaka. Nilichofanya ndicho kosa ninalokuomba usilifanye: niliuvuta uzi urudi huku chubwi likiwa bado limefungwa. Chubwi lilipanda, likagonga tawi, likabembea na kujizungusha mara tatu, na kwenye darubini niliona limejichimbia nyuma ya ganda lililobambuka. Saa tatu zilipita tukihangaika na uzi huo. Ukikosa tawi, legeza uzi hadi chubwi lifike chini, lifungue, ndipo uuvute uzi mtupu. Ncha isiyo na fundo huteleza juu ya tawi bila kushika popote. Chubwi likigoma kushuka, usivute. Legeza uzi na uutikise kwa mawimbi marefu hadi uzito wake uushinde msuguano. Juu ya mkaratusi gramu 200 hutosha, lakini kwenye gome la mgrevilea, ambalo lina mikwaruzo, tumia 300. Ikiwa huna budi kulirudisha chubwi kutoka juu, livute polepole hadi lifike chini kidogo ya tawi, kisha toa mvuto mmoja wa ghafla ili liruke juu ya tawi badala ya kulizunguka, nawe usimame kando, kwa maana litashuka kwa kasi ya kuvunja meno.

Hatua ya sita: unganisha uzi na kamba nene kwa kulaza ncha mbili sambamba na kuzizungushia tepu hadi zichongoke kama mkuki, kisha vuta uzi hadi kamba ipite juu na ncha zake zote mbili zifike chini. Watu wanne washike blanketi chini ya droni, kila mmoja akiwa na helmeti. Wawili wavute ncha zote mbili pamoja na kuachia kwa mwendo wa tawi lenyewe, si kwa nguvu. Ya kwetu ilitoka kwa mtikiso wa kumi hivi, ikagonga tawi la chini, ikaangukia ukingoni mwa blanketi. Wakati huo wingu lilikuwa limekwisha simama upande wa Ziwa Victoria. Radi ikisikika, kamba huachwa ilipo na watu huondoka chini ya mti.

Hatua ya saba: chomoa betri na uiweke nje juu ya saruji, mbali na nyumba. Ikiwa imevimba au imebonyea, usiichaji tena kamwe. Badilisha kila propela yenye mkwaruzo, sawazisha dira upya, kisha irushe mahali pa wazi kwa kimo cha mita 2 kwa dakika kadhaa huku ukisikiliza mota. Kabla ya kuondoka, badilisha kimo cha kurudi kiwe juu ya mti mrefu kuliko yote unayoiona, na uongeze mita 15.