Somo: Rubani wa ndege ndogo anavyojitambulisha redioni

Habari zenu wanachama. Leo tunashika jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka ili wafike kwenye mambo ya kupaa na kutua: jina lako redioni. Mwongozaji aliyeko mnarani anaongea na ndege kadhaa kwenye masafa yaleyale, na kila rubani anamsikia. Agizo la kutua linakuwa lako kwa sababu moja tu, kwamba limeanza na jina lako. Likikosewa jina, kuna mtu atashuka urefu ambao hakuambiwa ashuke.

Tutumie ndege ya kubuni, Cessna 206 yenye usajili 5H-XAB, inatoka Manyara kuja Arusha.

Hatua ya 1: Soma jina kabla ya kugusa redio

Ndege ndogo isiyoruka kwa namba ya safari ya shirika hutumia usajili wake kama jina la mwito. Mwanzo wa usajili ni alama ya nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi. Zinazofuata ni herufi za ndege yenyewe. Usajili umeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na kwenye ndege nyingi kuna kibandiko chake kidogo mbele ya rubani, karibu na saa za injini. Kiangalie kila unapoingia. Ukiwa chuo chenye ndege tatu zinazofanana, mdomo hupenda kutaja ile uliyoruka nayo jana.

Hatua ya 2: Litamke kwa alfabeti ya redio

Hatusemi "eks, ei, bi". Tunasema *X-ray, Alfa, Bravo*. Alfabeti hii ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, inatumika tangu 1956, na maneno yake yalichaguliwa ili yasikike hata redio ikikwaruza na hata lafudhi zikitofautiana. Namba nazo zina matamshi yake: 3 ni "tri", 5 ni "faif", 9 ni "naina". Ndege yetu basi ni *Five Hotel X-ray Alfa Bravo*. Itamke mbele ya kioo, ukiwa jikoni, ukiwa kwenye daladala, mpaka itoke bila kufikiri.

Hatua ya 3: Sikiliza, bonyeza, vuta pumzi, sema

Ukibadili masafa, nyamaza kwanza usikilize. Huenda kuna mtu anarudia maagizo, na ukimkatiza mtarudia wote wawili. Pakitulia, bonyeza kitufe, subiri kidogo, ndipo useme. Wanaobonyeza na kusema kwa pigo moja hukatwa silabi za mwanzo, mnara unasikia "...tel X-ray Alfa Bravo" na kukuuliza upya wewe ni nani.

Hatua ya 4: Mwito wa kwanza

Mpangilio haubadiliki: unayemwita kwanza, kisha wewe.

*"Arusha Tower, Five Hotel X-ray Alfa Bravo."*

Akikujibu, ndipo unatoa aina ya ndege, ulipo, urefu wako na unachotaka:

*"Five Hotel X-ray Alfa Bravo, Cessna 206, one five miles west, seven thousand five hundred feet, inbound for landing."*

Usimwage hadithi yote kwenye mwito wa kwanza wakati masafa yamejaa. Mwongozaji anashika kalamu akiandika jina lako kwenye karatasi yake. Mpe nafasi aliandike.

Hatua ya 5: Kufupisha

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ya ICAO ni kwamba jina la usajili hufupishwa kwa kubakiza herufi au tarakimu ya kwanza na angalau mbili za mwisho. Yetu ingekuwa *Five Alfa Bravo*. Kwa mazoea, kwenye anga la kwetu utasikia sana herufi tatu za mwisho peke yake, *X-ray Alfa Bravo*. Kwa vyovyote vile, anayeanza kufupisha ni mnara. Wewe unaendelea na jina kamili mpaka uitwe kwa kifupi, na ukishaitwa, tumia kifupi kilekile ulichopewa.

Sababu yake ni ya msingi kabisa. Mwongozaji anajua kama kuna 5H-YAB inakuja kutoka upande mwingine, wewe hujui. Kama ipo, atakataa kufupisha, au atamwambia mmoja wenu atumie jina la aina nyingine kwa muda, na anayo mamlaka hayo. Rubani anayejifupishia mwenyewe anamnyang'anya mwongozaji kinga hiyo, na mimi sioni dogo katika hilo.

Hatua ya 6: Funga kwa jina

Unaporudia agizo, jina lako linakuja mwisho:

*"Cleared to land runway two seven, Five Alfa Bravo."*

"Roger" (nimepokea) tupu bila jina haimwambii mwongozaji ni nani amepokea kibali cha kutua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Kule porini hakuna mnara. Najitambulisha kwa nani?

Kwa wote walioko karibu. Taja jina la uwanja ukifuatiwa na "traffic", kisha jina lako, ulipo na nia yako, na umalizie kwa kurudia jina la uwanja. Kurudia kule kunasaidia kwa sababu viwanja kadhaa vinaweza kuwa kwenye masafa mamoja, na aliyekosa mwanzo anahitaji kujua kama wewe ni wa kwake. Usisubiri jibu. Endelea kutangaza kila hatua mpaka utoke kwenye njia ya kurukia.

Mwanachama wa Nairobi: Mbona Kenya Airways hawataji 5Y?

Ndege za mashirika hutumia jina la mwito la shirika pamoja na namba ya safari. Wao husema "Kenya" na namba, Air Tanzania husema "Tanzania", British Airways "Speedbird". Lakini ni lazima liwe lilelile lililoandikwa kwenye mpango wa safari, na halibadilishwi angani kwa hiari ya rubani.

Mwanachama wa Muscat: Usajili wa huku unaanza na A4O. Nasema "zero"?

Hapana. Ile ni herufi O. Sema *Alfa Four Oscar*.

Mwanachama wa Dodoma: Naweza kutumia Kiswahili?

Kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya kawaida ya kituo cha ardhini au Kiingereza. Anga letu linaendeshwa kwa Kiingereza, nami nakuomba ubaki humo hata kama mwongozaji ni jirani yako nyumbani. Rubani mgeni aliye maili kumi nyuma yako anajenga picha ya anga kwa kusikiliza mazungumzo yenu. Mkihamia Kiswahili, mmemfumba macho.

Mwanachama wa Arusha: Wiki ijayo naruka peke yangu mara ya kwanza. Niseme mimi ni mwanafunzi?

Muulize mkufunzi wako utaratibu wa chuo, ila kwa maoni yangu sema. Uingereza wana utaratibu rasmi wa kutanguliza neno "Student" kwenye mwito wa kwanza, na Marekani nako mwanafunzi anashauriwa ajitaje. Mwongozaji akijua, ataongea polepole, ataepuka kukupa maagizo matatu kwa pumzi moja, na atakupa nafasi zaidi nyuma ya ndege iliyo mbele. Kila la heri.

Mwanachama wa Mwanza (tena): Na kwenye dharura?

"Mayday" mara tatu, kituo unachokiita, kisha jina lako kamili, hata kama ulikuwa unaitwa kwa kifupi. Halafu tatizo, unachokusudia, ulipo na urefu. Tumia masafa uliyonayo tayari. Kama hapo hakuna anayekusikia, nenda 121.5, masafa ya dharura, na kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, weka 7700, namba ya dharura. Ila kwanza irushe ndege. Redio itangoja.